Hindi Nililolishika Mkononi

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa na mahindi ambayo hayakufanana na ya mtu mwingine yeyote pale kijijini kwetu Hasamba. Hindi moja lilibeba punje nyeupe, punje za njano, na nyingine za zambarau iliyokolea, zimechanganyika bila mpangilio. Aliyafunga mawili mawili kwa maganda yake, akayaning'iniza jikoni kwenye boriti iliyopita juu ya mafiga, na moshi wa miaka mingi ulikuwa umeipaka boriti hiyo weusi wa kung'aa. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yake. Nianze kwa kusema wazi kwamba mbegu hiyo haipo tena, na aliyeimaliza ni mimi, tena kwa kufundisha, kazi niliyokuwa nikilipwa na serikali.

Aliileta kutoka ng'ambo ya mpaka. Aliolewa huko, kwa Wanamwanga wa upande wa Zambia, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Tunduma. Akazaa watoto wawili, akawazika wote wawili kabla hawajaacha kunyonya, kisha akamzika na mume. Ndugu wa mume walipogawana vitu vya nyumba, yeye alifunga mahindi mawili kwenye kitenge akarudi kwao.

"Walichukua sufuria wakaniachia mbegu," alipenda kusema. "Wajinga wale!" Hapo alicheka mpaka akashika kiuno. Kuhusu wale watoto sikuwahi kumsikia akisema neno.

Mahindi yake yalikomaa upesi kuliko ya wote. Wakati wenzake bado wanahesabu majani, yeye alikwisha kuchoma mabichi. Maganda yalibana sana, wadudu hawakupata pa kuingilia. Kwa hiyo kila Novemba, mvua zinapokaribia, wanawake walioishiwa mbegu walifika jikoni kwake na vikombe. Hakuuza. Anakupimia kikombe, na ukivuna unamrudishia mahindi mawili mazuri, anayaning'iniza pale pale. Ukimwita huku umesimama mlangoni aliitikia "mukwai", kama watu wa huko alikoolewa, na wanawake walicheka, wakamwiga, wakaingia.

Sasa fikiria. Mwanamke asiye na mume, asiye na mtoto, anayekaa kwenye kiwanja cha kaka yake. Mtu wa namna hiyo kwetu huwa anasogezwa pembeni kidogo kidogo mpaka anasahaulika. Yeye hakusogezwa. Alikaa mbele kwenye misiba, aliulizwa kwenye mahari, na sababu ilikuwa inaning'inia juu ya mafiga yake.

Mimi nilikuwa bwana shamba wa kata. Ni mwanamke, lakini waliniita bwana shamba hivyo hivyo, na mimi sikuona haja ya kugombana na watu kwa jambo hilo wakati nilikuwa na mengi ya kugombana nao. Nina hasira za karibu, nakiri. Nilikuwa nimesoma chuo miaka miwili, nina baiskeli ya ofisi, na nilidhani mtu asipoelewa nilichosema basi hakunisikiliza.

Ilikuwa miaka ya mwanzoni mwa elfu mbili. Ushirika ulikuwa umekwisha kufa, ghala lake limebaki kwa popo na mikutano. Mbegu na mbolea kila mtu alijinunulia madukani Tunduma, na hakukuwa na nyumba ambayo haijawahi kuuziwa mbolea iliyochanganywa na chumvi au mbegu iliyopakwa rangi tu. Watu walikuwa wameungua, wakawa wanapuliza hata maji baridi. Ndipo habari zikavuka mpaka kwamba kule Zambia kuna njaa, na mahindi ya msaada yaliyoletwa serikali yao imeyakataa kwa sababu yamebadilishwa vinasaba. Kufika sokoni kwetu habari hiyo ilikuwa imeota mikono na miguu. Ilisemekana mahindi hayo yanavushwa kwa njia za panya. Ilisemekana mwanamke akiyala hashiki mimba, na akishika, mtoto hakai.

Ofisini tukaambiwa tukaelimishe wananchi. Nilipewa karatasi tatu zilizoandikwa kwa Kiswahili ambacho hata mwandishi wake nadhani hakukielewa. Niliisoma ile sentensi ya "uhamishaji wa vinasaba baina ya viumbe visivyo na unasaba" mara nne, nikazikunja karatasi nikaziweka chini ya chupa ya chai. Nikajiambia nitafundisha kwa njia yangu, kwa kitu ambacho mtu anakiona na kukishika. Hilo nilijisifia sana.

Nikaenda kwa mama mkubwa kumwomba hindi moja.

"La kula au la mbegu?" aliniuliza.

"La kuonyesha watu, mama. Nafundisha."

Alipanda kwenye kigoda akachagua kwa muda, analigeuza hili, analirudisha, mpaka akapata lenye rangi zote tatu waziwazi. Alilipangusa masizi kwa kanga yake mwenyewe.

"Haya, mpeleke," alisema, kana kwamba ananikabidhi mtoto anayekwenda kubatizwa. "Lakini usije ukaniaibisha naye."

Ghala lilijaa siku hiyo. Wanaume walikaa kwenye magogo mbele, wanawake chini kwenye kanga zao. Mama mkubwa hakuja, alikuwa na malaria. Nilianza vizuri. Niliwaeleza kwamba hindi lina kiume na kike, kwamba zile mbelewele za juu hutoa chavua, upepo unaichukua, inaangukia kwenye ndevu za hindi, na kila unywele wa ndevu unaishia kwenye punje moja. Nikaliinua hindi la mama mkubwa. "Hili mnaliona? Punje hii baba yake mweupe. Hii baba yake wa njano. Hii zambarau, baba yake hata hatumjui!"

Walicheka sana. Nilicheka nao. Nikaendelea kusema kwamba hilo ni jambo la kawaida, mahindi yamekuwa yakichanganyika hivyo tangu babu zetu, na kwamba yale ya kubadilishwa vinasaba ni kitu tofauti. Hayo wataalamu huchukua sehemu ndogo sana ya kiumbe kingine, kwa mfano kijidudu cha udongoni, wakaiingiza ndani ya mbegu maabara ili mmea upate sifa mpya, kama kutoliwa na wadudu. Nilisema kwamba wengi duniani wanayala, na wengine wanayatilia shaka, na sisi hatujaruhusiwa kuyapanda. Yote hayo niliyasema. Ningekuwa na kinasa sauti siku ile ningeweza kukuthibitishia leo kwamba sikukosea hata sentensi moja.

Aliyesimama kuuliza alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa na mahindi, shamba lake limepakana na la mama mkubwa. Mtu mpole, hajawahi kumpandishia mtu sauti.

"Bwana shamba, hayo mahindi ya maabara, kwa macho nitayatambuaje?"

"Kwa macho huwezi kuyatambua, mzee."

"Na yanaweza kuingia shambani kwangu mimi sijayapanda?"

"Jirani akiyapanda, ndiyo. Chavua inapeperushwa na upepo, kama nilivyowaonyesha." Nikaliinua tena lile hindi.

Naliona tukio hilo mpaka leo. Mkono wangu uko juu na hindi la mama yangu limo ndani yake. Mdomoni nazungumzia mahindi mengine, na macho ya watu wote yako kwenye lile la mkononi. Mimi niliyesema kwamba watu huelewa kile wanachokiona na kukishika, sikujua nimeshika nini.

Niliwauliza kama wameelewa, wakajibu wote, "Tumeelewa!" Tulipokuwa tunatawanyika, mama mmoja aliuliza nimelitoa wapi hindi zuri namna ile. Nikasema kwa sauti, kwa utani, nikijivunia ukoo wangu: "Kwa mama mkubwa! Naye alilitoa ng'ambo, Zambia huko!" Sikugeuka kuona nyuso zao. Nilikuwa nafunga begi kwenye baiskeli. Jioni nikaandika taarifa: wananchi wameelimishwa na wameelewa.

Wiki hiyo hiyo nilihamishiwa Ileje kwa muda, kata ya Ikinga, kumshikia nafasi mwenzangu aliyekuwa mgonjwa. Nilikaa huko msimu mzima. Hindi lile lilibaki kwenye kabati la ofisi. Nilituma salamu nyumbani kwa kila aliyepita, na majibu yalikuja kwamba mama hajambo, analima. Hakuna aliyeniambia kwamba Novemba ile hakufika mwanamke hata mmoja na kikombe. Hakuna aliyeniambia kwamba yule mzee jirani alikwenda kwake, akasalimia vizuri, akauliza habari za miguu yake, akakaa, kisha akamwomba kwa heshima zote kama angeweza mwaka huu kupanda viazi upande ule unaopakana, maana upepo unatoka shambani kwa mama kwenda kwa huyo mzee. Mama alipanda viazi. Mahindi akayasogeza upande wa pili, bila kuuliza sababu, kwa kuwa alijua sababu.

Nilirudi wakati wa sikukuu ya mavuno. Kwetu siku hiyo kila nyumba hupeleka kanisani mazao yake ya kwanza, yanapangwa mbele ya madhabahu, yanaombewa, na ibada ikiisha yanapigwa mnada nje. Ni mnada wa furaha. Watu wanashindana kununua bata wa mwenzao kwa bei ya mbuzi, wanataniana, na pesa ni ya kanisa. Jambo moja tu halifanyiki: kitu kilichokwisha kuwekwa mbele ya Mungu hakirudi na aliyekileta. Hata boga lililooza upande mmoja litapata mtu.

Mama mkubwa alileta kikapu cha mahindi yake. Aliyapanga kwa rangi, ya zambarau pembezoni, meupe katikati. Aliniona, akafurahi, akanikumbatia kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine ulishika kikapu. Nikaona amekonda. Nikajiambia ni malaria.

Mnadi alikinyanyua kikapu. "Mahindi ya mama yetu! Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Akarudia, na utani kidogo. Wanawake waliangalia watoto wao. Mtu mmoja alikohoa. Yule mzee jirani alikuwa ameinamisha kichwa anachora chini kwa fimbo. Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuambiwa na mtu, nilielewa mara moja, kwa sababu niliwaona wanakitazama kile kikapu kama walivyolitazama lile hindi mkononi mwangu mle ghalani.

Nilipaswa kusema. Pale pale, mbele ya watu wale wale. Au hata kuinua mkono nikanunua. Lakini nikafikiri nikinunua mimi itakuwa ni huruma ya mtoto kwa mama yake, watu watasema ndiyo hivyo. Na nikisema, nitaanzia wapi, jua lote hili, watu wana njaa, nitaitisha mkutano rasmi wiki ijayo. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa uoga. Mnadi akakiweka kikapu juu ya benchi, akachukua jogoo. Watu walipumua, wakaanza kushindana kwa kelele kuliko kawaida.

Watu walipokwisha kuondoka, mama mkubwa aliinuka, akakichukua kikapu chake, akajitwisha. Nilikimbia kumpokea akasema, "Acha, kimenizoea."

Tulipofika jikoni hakuyatoa kikapuni. Alikaa kwenye kigoda, mimi mkekani, akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea hata kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Ningeshukuru kulaumiwa.

"Mwanangu, wewe umesoma. Nakuomba uniambie kweli, usinifiche kwa sababu mimi ni mama yako. Wale wanangu wawili. Kule nilikuwa nawakorogea uji wa mahindi haya haya. Ndiyo yaliyowaua?"

Miaka yote ile hakuwahi kuwataja, na sasa aliwataja ili aniulize mimi, mtaalamu, kama aliwaua kwa mkono wake. Kumbe msimu mzima, alipokuwa peke yake na viazi vyake, hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Watu walimnyima heshima, naye hakuhangaika na watu. Alikuwa anahesabu uji.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia hapana mara kumi. Nikamweleza kwamba mbegu yake ni ya zamani kuliko hao wataalamu, kwamba alipowazika wanawe mahindi ya maabara hayakuwepo popote duniani, kwamba watoto wachanga walikufa wengi miaka ile kwa surua, kwa homa, kwa kuharisha. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Nilipoona bado ananitazama vile vile nikapandisha sauti, Mungu anisamehe, nikamkaripia kama mwanafunzi mzito. Yeye alitikisa kichwa polepole akakubali.

"Nimeelewa, mwanangu," alisema.

Ni neno lile lile watu waliloniambia ghalani. Nami, kwa mara ya pili, nikaliamini.

Mkutano niliuitisha baada ya siku tisa. Safari hii sikushika kitu mkononi. Nilisimama na mikono mitupu, nikasema: mlichojifunza kwangu kilikuwa uongo, na uongo huo niliuonyesha mimi, kosa si lenu. Nikawaeleza upya. Hindi lile ni hindi la kawaida. Rangi si ugonjwa. Mama yule hajapanda kitu chochote cha maabara, hajawahi, na mbegu aliyowapa, ninyi wote hapa mmeila miaka kumi na watoto wenu hao wanacheza nje. Nililia katikati ya maelezo, jambo ambalo hawafundishi chuoni, na nadhani kilio ndicho walichokielewa.

Yule mzee jirani alisimama. Alivua kofia. Alisema amemkosea jirani yake na anataka kwenda kumwambia leo, si kesho. Wanawake nao wakainuka. Watatu walipita majumbani kwao, wakatoka na vikombe, ingawa Novemba ilikuwa bado mbali, kwa sababu walitaka awaone navyo. Tulikwenda kundi zima. Mtu aliyetuona njiani angedhani tunakwenda kuposa. Mimi nilitangulia, na nasema ukweli, nilikuwa na furaha.

Nilibisha, nikaita. Hakuitikia mukwai. Alisema tu, "Karibuni, ingieni."

Boriti ilikuwa tupu. Pale palipokuwa na mafundo ya maganda palionekana alama nyeupe nyeupe katika ule weusi. Nyuma ya jiko kulikuwa na shimo lililofukiwa, na udongo wake umechanganyika na majivu.

"Mama, mbegu?"

"Niliichoma. Siku ile ulipoondoka, kesho yake."

"Si ulisema umeelewa?"

"Nilielewa, mwanangu. Ulisema kwa macho hayatambuliki." Akawatazama wale wanawake na vikombe vyao, mmoja baada ya mwingine, bila kinyongo chochote, na akawaeleza wao kwa upole, kama anayeomba radhi kwa kukosa chai ya kuwapa wageni. "Nikasema nisije nikaua na mtoto wa mtu."

Mzee alikaa chini pale pale mlangoni. Wanawake walianza kulia, yeye ndiye akawa anawabembeleza. Hakuna aliyebaki na mbegu ile; wote waliokuwa nayo walikwisha kuila au kuitupa baada ya somo langu. Mimi nikakumbuka lile hindi la kabatini. Niliendesha baiskeli kama mwendawazimu mpaka ofisini, nikafungua. Halikuwa limening'inizwa juu ya moshi, lilikaa msimu mzima kwenye giza kavu la serikali. Nilipolishika likavunjika, unga ukamwagika mezani na dumuzi, wale wadudu watobozi wa nafaka, wakatawanyika. Nilipata punje kumi na moja zilizoonekana nzima. Nilizipanda kwenye kopo, nikazimwagilia kila asubuhi. Hazikuota. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi sikumwambia mtu.

Watu walimrudishia mama mkubwa heshima yake, sitasema uongo. Walimlimia, walimletea unga, alikaa mbele misibani. Lakini hakuna aliyekuwa na sababu ya kufika jikoni kwake Novemba, naye akawa mtu wa kupewa. Tangu hapo alipanda mbegu ya dukani ya Tunduma, ile iliyopakwa dawa ya rangi ya waridi. Kila msimu, kabla ya kupanda, alinisubiri. Hata nilipohamishiwa Mbangala nilipanga likizo yangu kwa ajili hiyo. Anafungua pakiti, ananimiminia punje chache kiganjani, anasimama karibu.

"Niangalizie," ananiambia. "Wewe ndiye unayejua."

Nilitoka nazo nje kwenye mwanga. Nilizigeuza moja moja, nikazitazama juu na chini, nilichukua muda mrefu kwa sababu alikuwa ananiangalia uso. Hakukuwa na kitu cha kuona. Kisha nilimrudishia, nikamwambia ni salama, mama, panda.

Alifanya hivyo mpaka mwaka aliofariki. Na kila mwaka, baada ya kusikia hivyo, aliuliza tena kwa sauti ndogo kama anayeuliza kwa mara ya kwanza: "Na yale ya zamani?"

"Nayo yalikuwa salama, mama."

"Basi," anasema, na anakwenda kuchukua jembe.